Mkuyu Kutoka Chita, na Salamu Nilizoziacha Njiani

Ninyi wa benchi la mbele ya karakana yangu hapa Kiberege mmeniuliza mara nyingi: ilikuwaje nikapita katikati ya watu ninaowafahamu, mchana kweupe, bila kuitikia hata salamu moja? Mmoja alisema nimeugua koo. Mwingine alisema nimeingia dhehebu jipya. Nimechoka kujibu vipande vipande kila anayekuja kutengeneza pampu, kwa hiyo nimeiandika safari yote kwa mpangilio wake. Someni hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Mnanijua. Mimi ni fundi wa pampu za maji na pawatila, yale matrekta madogo ya kuongoza kwa mkono. Shule niliishia darasa la saba, na habari za miti nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma jioni na kujaribu siku za Jumapili. Nilikwenda Chita kumchukua Shangazi Redempta, dada ya baba yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilikwenda kumleta mtu. Nilirudi na tawi la mti.

Kwenda: Kiberege hadi Chita

Treni tuliyoambiwa itafika asubuhi ilifika jua likishakuwa la utosi. Sikujali. Stesheni kulikuwa na mama anayeuza wali na kambale wa kukaanga, na nilipomaliza kula nilikuwa nimeshasalimiana na jukwaa zima.

Naomba mkumbuke jambo hili la kusalimiana, maana ndilo lenye safari. Ndani ya treni nilikaa mkabala na mzee mmoja mstaafu wa mashamba ya miwa. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za mashamba, za mvua. Akauliza natoka kwa nani. Nikamtajia baba. Akasema kulikuwa na mtu wa jina hilo aliyekuwa akipiga ngoma kwenye harusi za Mang'ula. Nikasema huyo ni baba mdogo. Basi tukawa ndugu, akanikatia nusu ya muhogo wake wa kuchoma, na tulipofika stesheni ya Mbingu nilikuwa najua binti zake wameolewa wapi na yupi kati yao hana furaha.

Chita nilishuka alasiri. Kutoka stesheni hadi kwa shangazi si mbali, lakini kila uani palikuwa na mtu. Shikamoo, marahaba, karibu, kaa, kunywa maji, mgeni wa nani, ah, kumbe wa Redempta. Nilifika kwake kuku wanapanda kulala, tumbo limejaa maji ya nyumba zote.

Chita: mti na masharti

Shangazi ni mwembamba, mrefu, na anaongea kama mtu anayekata kuni: neno, kisha kimya, kisha neno jingine. Nyumba yake ndiyo iliyobaki peke yake kwenye mpaka wa mashamba ya mpunga. Skimu ya umwagiliaji ya kitongoji inapanua mfereji, na majirani wote wa upande ule walishahamia juu, barabarani. Vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu vilipita kati ya jiko lake na mkuyu wake. Kila masika maji yalikuwa yakiingia ndani hata kabla ya habari ya mfereji.

Nilimpa usingizi wa usiku mmoja. Asubuhi nikaanza.

"Shangazi, jiandae. Kesho tunaondoka."

"Tunaondoka na nani?"

"Mimi na wewe."

"Na huyu?" Akaonyesha mkuyu kwa kidevu.

Nikautazama ule mti. Mnaijua mikuyu: shina la rangi ya manjano kama limepakwa unga wa dona, matawi yameanza chini, makuyu yameng'ang'ania kwenye vishada juu ya matawi manene. Lakini wa shangazi una alama ambayo sijaiona kwenye mti mwingine. Pande mbili za shina, upande wa macheo na upande wa machweo, kuna makovu ya kuchunwa gome, mapya juu ya ya zamani, yamevimba kama midomo. Pande nyingine mbili ni laini, hazijaguswa.

Hiyo ni desturi yake, na ya mama yake kabla yake. Gome la dawa huchukuliwa upande jua linakotokea na upande linakozama. Nilipokuwa mdogo niliona ni ushirikina. Baadaye nilisoma kwamba chakula cha mti husafiri kwenye gome, na ukilichuna kulizunguka shina lote, mti unakufa kwa njaa ya mizizi. Anayefuata macheo na machweo hawezi kamwe kukamilisha duara. Mti wa shangazi umechunwa miaka mingi kuliko umri wangu, na bado unazaa.

Gome hilo alikuwa akilichemsha kwa wanaoharisha. Lina tanini nyingi, jamii ileile inayokausha ulimi ukinywa chai iliyokolea majani. Ndiyo inayokaza utumbo. Nimemweleza mara nyingi, naye hunijibu kwamba utumbo haujui jina la kitu hicho. Nasema hapa wazi kwa wanaosoma: mtoto anayeharisha anahitaji kwanza maji ya chumvi na sukari, na zahanati. Shangazi mwenyewe husema hivyo, tena kwa ukali.

Utomvu mweupe ulikuwa wa chunjua. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo gotini. Alikuwa akipaka mafuta ya ng'ombe kuizunguka chunjua ili ngozi nzima isiguswe, kisha tone moja la utomvu katikati, jioni tu, na asubuhi ananifunika kitambaa nisipigwe na jua. Nikimuuliza kwa nini, ananijibu, "Jua na utomvu haviivani." Nimesoma kwamba utomvu wa mtini, ndugu yake mkuyu, una vitu vinavyoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Kama na wa mkuyu unavyo kwa kiasi hichohicho sijapata uhakika, na kisichokuwa na uhakika sikisemi kama kina uhakika. Ila gotini kwangu hakuna kovu.

"Amewatibu watoto wa kitongoji kizima," shangazi akasema. "Nimwache wamlaze chini kama mgonjwa asiye na ndugu?"

"Mkuyu unaota kwa tawi," nikasema. "Nitakata tawi nene, tutalibeba pamoja, tutalipanda nyuma ya karakana. Wewe ulimwagilie."

Akaendelea kuchambua mchele.

"Hapana," akasema. "Tawi litangulie. Likishika likatoa majani, nakuja. Likikauka, nitajua huko kwenu hapanitaki."

"Shangazi, maji yataingia ndani."

"Yataingia. Mimi na maji tunafahamiana."

Nilijaribu kwa hoja, nikajaribu kwa kumkumbusha umri wake, akaniuliza kama nimekuja kumhesabia miaka. Kwa hiyo tukafanya alivyotaka. Nilichagua tawi nene kama mkono wangu, refu kunifika kiunoni. Tulilikata kabla jua halijapanda, tukaliacha litoe utomvu hadi likaacha kudondosha, tukapaka tope la mfereji ncha zote mbili, tukalifunga kwa magamba ya mgomba, maana yanashika maji kuliko gunia. Juu nilifunga uzi mwekundu nisije nikalipanda miguu juu kichwa chini. Hapo nilidhani kazi imeisha.

"Sikiliza," shangazi akasema. "Ukishalibeba, mpaka kwenye shimo, usisalimu. Wala usiitikie."

"Hata shikamoo?"

"Hasa shikamoo."

"Na kuongea?"

"Ongea. Ukiulizwa njia, jibu. Ukitaka maji, omba. Lakini salamu, hapana. Dawa inabaki kwa uliyemsalimia."

Mimi si mtu wa kuamini kila ninaloambiwa. Lakini alinishika mkono, akasubiri, nami nikasema nimekubali. Boliti nikishaikaza sirudi nyuma kuilegeza. Nikanyanyua tawi begani, nikaondoka bila kumuaga, kwa kuwa kuaga nako ni salamu. Yeye hakunitazama, alikuwa akiutazama mzigo.

Chita hadi kwenye matope

Nyumba zilezile zilizonijaza maji juzi yake zikaniita tena. "Mgeni wa Redempta, umeamkaje?" Nikapita. Nikasikia nyuma yangu mama mmoja akisema, "Wamegombana."

Stesheni alikuwepo mfanyakazi mmoja anayefagia jukwaa, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Treni ya kwenda Ifakara inafika saa ngapi?" nikamuuliza.

Akasimamisha ufagio. "Shikamoo," akasema.

Nikasogeza tawi begani.

"Nimesema shikamoo, mzee."

"Nimesikia. Treni inafika saa ngapi?"

"Treni nayo imesikia," akasema, akaendelea kufagia. "Ikiamua itakuja."

Baada ya hapo hakunipa neno jingine. Ni mama muuza vitumbua aliyenihurumia akasema treni imekwama huko juu, haina habari, na kwamba barabarani kuna lori la mpunga linalokwenda Ifakara. Nilitaka kumshukuru na kumtakia biashara njema. Nikanunua vitumbua vingi kuliko nilivyohitaji, hiyo ndiyo ikawa shukrani.

Lori lilikuwa limeshapakia. Dereva, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa akipiga teke matairi.

"Habari za asubuhi, mzee wangu?"

"Naomba nafasi juu ya magunia. Nakwenda Ifakara."

"Nimekuuliza habari."

"Ndiyo. Naomba nafasi."

Akageuka kwa utingo wake, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. "Umeona mambo? Asiyesalimu ana lake jambo. Simpandishi."

Ndipo sauti ikatoka juu ya magunia. "Dereva, mpandishe. Huoni mzigo ulivyofungwa? Huyo kabeba dawa."

Alikuwa Mama Kulwa, mfugaji wa Kisukuma anayeishi ng'ambo ya Mngeta, amekaa katikati ya madumu yake ya maziwa kama mtu aliye sebuleni kwake. "Kwetu," akaendelea, "aliyebeba dawa hata mama mkwe anampita bila kumwamkia. Na mama mkwe anajitoa njiani."

"Dawa ya nini?" dereva akaniuliza, sasa kwa hadhari.

"Ya tumbo na ya chunjua."

"Si ya kuroga watu?"

"Ni tawi la mkuyu, ndugu yangu. Nakwenda kulipanda."

Akanipandisha, ila akasema tawi likae nyuma kabisa, mbali na usukani. Mama Kulwa akanipa nafasi.

"Mimi nitakusalimia watu," akasema. "Wewe kaa na mzigo wako."

Na akafanya hivyo. Kila kijiji tulichopita watu walipunga mkono, naye akapaza sauti: "Hatujambo! Na huyu hajambo, ila ana kazi!" Mzee mmoja mwenye baiskeli alipoamkiwa kwa niaba yangu akauliza, "Mwenyewe bubu?" Mama Kulwa akamjibu, "Angekuwa bubu ningepumzika."

Nikapata nafasi ya kufikiri. Nilikumbuka nilivyotoka stesheni kwenda kwa shangazi nikiwa nasalimiana, jinsi njia fupi ilivyokula alasiri nzima. Salamu za bonde letu si neno. Ni kiti, ni maji, ni habari za wazima na za waliofariki, ni sahani. Anayebeba kitu kibichi kilichokatwa mtini, akisalimiana njia nzima, atakifikisha kikavu. Dawa itakuwa kweli imebaki kwa aliyesalimiwa, kwenye kivuli cha ua wake. Sidai kwamba wazee waliweka sharti kwa sababu hiyo. Nadai tu kwamba ndivyo sharti linavyofanya kazi. Toka hapo sikuona tena aibu.

Matopeni, kabla ya Mngeta

Lori lilizama kwenye ule udongo mweusi ambao mvua moja huugeuza kuwa sabuni. Tulishuka wote. Nililaza tawi kwenye majani pembeni, nikaenda kusukuma. Kosa langu ni kwamba nililigeuzia mgongo.

Utingo alikuwa akitafuta kitu cha kuweka chini ya tairi. Aliona gogo. Dereva akakanyaga mafuta, tairi likazunguka, nikasikia sauti kama ya kitambaa kinachochanika, nikageuka, nikaona uzi wangu mwekundu ukitokeza matopeni.

"Zima! Zima gari!"

Utingo akalichomoa mwenyewe, akalifuta kwa shati lake. "Nisamehe, mzee. Nilidhani ni kuni."

Magamba ya mgomba yalikuwa yamekwisha. Upande mmoja wa tawi gome lilikuwa limeng'oka, urefu wa kiganja na zaidi, na utomvu ulikuwa ukitoka kwenye kidonda, mweupe, mwingi. Nilikaa chini palepale kwenye majani. Niliiona nyumba ya shangazi na maji yanaingia mlangoni, na yeye akisema, "Nilijua." Nilifikiria kurudi Chita kukata jingine. Lakini ningemwambia nini? Na njia ingekuwa ipi, wakati gari pekee lilikuwa limelala mbele yangu?

Mama Kulwa akachuchumaa, akaligeuza tawi polepole.

"Limechunika upande huu," akasema. "Upande ule mzima."

Nikapitisha vidole kulizunguka. Ni kweli. Duara halikukamilika. Palibaki gome zima, pana, linalotoka ncha hadi ncha, na njia ya chakula ilikuwa wazi. Kidonda kilikuwa kama makovu ya mkuyu mama yake, tofauti ni kwamba hiki kilichunwa na tairi.

Nikasimama. Sijui niliwaambia nini, ila nakumbuka utingo akicheka kwa sababu nilikuwa nacheka.

Trekta la kutuvuta liliagizwa kutoka upande wa Mngeta, na kwa kuwa trekta nalo lina safari zake, watu wakawasha moto. Kulikuwa na mchele, kulikuwa na maziwa, njaa haikuwa na nafasi. Utomvu ulikuwa bado unadondoka, nikaona ni hasara kuuacha. Nikamwomba Mama Kulwa vikombe viwili vya maziwa, nikavipasha moto kidogo, vya kustahimilika kidoleni. Kikombe kimoja nikakiacha kama kilivyo. Kingine nikakidondoshea matone machache ya utomvu, nikakoroga kwa kijiti.

"Tazameni hivi viwili," nikasema, "tukiwa tunakula."

Kabla wali haujaisha, kikombe chenye utomvu kilikuwa kimeganda. Ukikiinamisha, maziwa yanatikisika kipande kizima na maji yake yanajitenga pembeni. Kile kingine kilikuwa maziwa tu.

Dereva akavua kofia. "Umeyaroga."

"Hapana. Ndani ya utomvu kuna kimeng'enya kinachoitwa fisini. Kazi yake ni kukata protini, kama mkasi. Kikikata protini ya maziwa, maziwa yanaganda. Kikikata nyama ya chunjua, chunjua inaliwa polepole. Na kikigusa ngozi nzima kinaila nayo, ndiyo maana shangazi yangu alikuwa anaizungushia mafuta."

Mama Kulwa akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni. "Kali. Mtindi wetu unasubiri siku mbili, lakini haukwaruzi."

"Si wa kunywa, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Ni wa kuona."

"Nimeona," akasema. Kisha akachukua tope, akakifunga kidonda cha tawi kwa mikono yake mwenyewe, akafunga khanga yake ya zamani juu ya tope, akailowesha. "Hii usinirudishie."

Utingo hakuliacha tena lile tawi. Trekta lilipofika na tukaanza kusukuma upya, alilipakata kifuani kama mtoto, akasimama mbali, akakataa kusukuma.

Mngeta hadi Ifakara

Mama Kulwa alishukia Mngeta na madumu yake. Sikuweza kumuaga. Alijua, akaniaga peke yake pande zote mbili: "Kwaheri, mayu. Haya, kwaheri nawe, baba, uende salama." Akaondoka bila kugeuka.

Nilidhani nimebaki bila msemaji, lakini dereva alikuwa amehamia upande wangu kabisa. Kwenye kila kituo alitoa kichwa dirishani: "Huyo wa juu msimsalimie! Ana mzigo!" Bila shaka watu walikuja wengi zaidi kumtazama asiyesalimiwa. Mwanamke mmoja alinipa ndizi, akasimama kunitazama nikizila, ili ahakikishe kwamba nina mdomo.

Ifakara dereva alinishusha sokoni, mbele ya duka la vipuri la Bwana Bakari. Hapo ndipo sehemu ngumu.

Bwana Bakari wote mnamfahamu. Babu zake walitoka pwani na duka, na tangu nianze ufundi sijawahi kununua beringi kwa mtu mwingine. Alikuwa ametoka nje, amekaa na wateja. Aliponiona aliinuka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Asalaam aleikum, fundi."

Mimi ni Mkristo, lakini salamu hiyo sijawahi kuiacha bila jibu mbele yake. Ni salamu ya amani. Asiyeijibu amekataa amani. Nilisimama na tawi begani, ulimi wangu ukiwa umeshajipanga kuitikia.

"Bwana Bakari," nikasema, "nimebeba tawi."

"Nimekupa salamu. Sijakuuliza mzigo."

Wateja wakageuka kututazama. Gari la Kiberege lilikuwa linapiga honi. Ningeweza kumweleza, lakini maelezo yangehitaji kiti, kiti kingeleta kahawa, na khanga ya Mama Kulwa ilikuwa imeanza kukauka. Nilimwomba maji. Alinyoosha kidole kwenye ndoo bila kunitazama. Nikalowesha khanga, nikapanda gari. Kati ya yote ya safari ile, hilo ndilo lililoniuma. Jioni ileile alituma ujumbe kwa watu wa Kiberege: fundi asikanyage tena dukani kwangu.

Kiberege: shimo

Ninyi mlikuwa kwenye benchi. Mliniamkia, nikapita. Mke wangu alikuwa mlangoni, akasema, "Karibu, pole na safari," nami nikamwambia, "Lete jembe." Hilo nalo nitalikumbushwa hadi uzeeni.

Nilichimba nyuma ya karakana, mahali ambapo maji ya kujaribia pampu humwagika. Nililipanda uzi mwekundu ukiwa juu, na kidonda nikakielekeza machweo, kama makovu ya mama yake. Nikashindilia udongo, nikamwaga maji. Kisha nikanawa mikono, nikamsalimia mke wangu habari za nyumbani, za watoto, za kuku, za majirani, mmoja mmoja. Akaniuliza kama nina homa. Nilimpigia simu Bwana Bakari. Hakupokea.

Wiki za mwanzo tawi lilikaa kama kigingi. Mliokuja kulitazama mlilitazama kwa huruma. Mmoja alitundika shati lake juu yake, nikaliondoa. Nilikwaruza gome kwa ukucha kila Jumapili: chini yake kulikuwa bado kijani, na sikusema kitu, maana kijani si jani. Kutoka Chita nilisikia maji yameshafika kwenye ngazi ya mlango wa shangazi.

Jumapili moja, baada ya mvua, pembeni mwa uzi mwekundu palikuwa na kichomozo, kimekunjwa, chekundu kidogo, kama ncha ya kalamu. Siku zilizofuata vikawa kadhaa. Kisha kikafunguka kimoja, likawa jani la mkuyu, lenye ukwaruzo wake ukilipapasa. Nilimwita mke wangu, nikawaita ninyi wote, na mnakumbuka nilifunga karakana siku ile, jambo ambalo sijawahi kufanya bila msiba.

Nilipiga picha, nikaituma, pamoja na habari ya kidonda cha matopeni, kwa simu ya binti wa aliyekuwa jirani wa shangazi. Jibu lilikuja kwa sauti ya shangazi mwenyewe: "Majani ya mkuyu nayajua. Hata hapa yapo. Huo ni mkuyu wa nani? Kidonda ulichoniambia kinatazama wapi?"

Nikangoja jioni. Nikapiga picha ya kidonda, kimevimba pembezoni kama mdomo unaojifunga, jua la machweo likikipiga sawasawa. Hakujibu siku hiyo. Hakujibu siku ya pili.

Siku iliyofuata pikapu ya Bwana Bakari ilisimama mbele ya karakana. Alishuka akiwa anacheka peke yake.

"Fundi," akasema, "dereva mmoja wa lori alikuja kununua chujio, akatusimulia dukani habari za mzee mwenye tawi na maziwa yaliyoganda. Nikaona haya. Leo nimekwenda stesheni kupokea mzigo wangu, nimemkuta mama mmoja aliyeshuka kwenye treni iliyoishia hapo, anauliza njia ya kwa fundi wa pampu, Kiberege. Nikamsalimia. Kimya. Nikamsalimia tena. Kimya. Nikajua huyu ni wa kwenu. Nimemleta kutoka Ifakara mpaka hapa, hajaniitikia hata moja."

Shangazi Redempta alikuwa anashuka upande wa pili, amekumbatia kopo lililofunikwa jani la mgomba.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

Akanipita. Akampita mke wangu, akawapita ninyi mliokuwa mmesimama kwa heshima, akaenda moja kwa moja nyuma ya karakana. Tukamfuata. Alisimama mbele ya mkuyu, akakipapasa kidonda kwa kidole gumba, akalihesabu jani moja baada ya jingine kwa midomo bila kutoa sauti. Kisha akapiga magoti, akachimba kwa mikono, akatoa mche kwenye kopo. Ulikuwa mvumbasi, ule mmea wa dawa wenye majani ya kunukia.

"Shangazi," nikasema, "mvumbasi hapa upo kila mahali."

"Huu ni wangu," akasema, akashindilia udongo.

Akainuka. Mke wangu akammiminia maji, akanawa, akajifuta kwa upindo wa khanga. Kwanza akamgeukia Bwana Bakari. "Hujambo, mwanangu. Ahsante kwa gari." Kisha akanigeukia mimi.

"Marahaba, baba. Haya, sasa nipe habari za nyumbani."

Nikampa zote. Naye akanipa za Chita, nyumba kwa nyumba, na Bwana Bakari akaongeza za Ifakara, hadi chai ikapoa, na hakuna aliyeigusa.